Rungu hili ni la nani?

Katika makavazi ya Ulaya na Marekani mna marungu na fimbo za kuchongwa kutoka Afrika ambazo maelezo yake hayajazi hata mstari mmoja. "Rungu, mti, Afrika Mashariki." Basi. Pengine jina la kabila huongezwa, Zulu au Masai, na anayesoma kibandiko hicho huondoka akidhani amejua. Minadani ni vivyo hivyo, ila huko jina la kabila huongeza na bei.

Ndugu msomaji, safu hii hushughulika na maneno, na leo ningependa tulitazame neno moja linalotumiwa ovyo katika habari hizi: asili. Mtu akiuliza, "Asili ya rungu hili ni ipi?" anadhani ameuliza swali moja. Kumbe ameuliza manne. Nani alilichonga? Nani alilishika? Mti wenyewe uliota wapi? Na nani aliandika kibandiko? Majibu ya maswali hayo hayalazimiki kukutana katika kabila moja wala nchi moja, na makosa mengi ya wakusanyaji yametokana na kulijibu swali moja na kujiona wameyajibu yote.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kusini mwa bara letu. Mwaka 1879 jeshi la Uingereza lilipigana na ufalme wa Wazulu. Mnamo Januari 22 Waingereza walipigwa vibaya Isandlwana. Julai 4 wakashinda Ulundi na ufalme ukavunjika. Habari za Isandlwana ziliishtua London, na tangu siku hizo neno "Zulu" likawa na uzito wa pekee masikioni mwa Mwingereza. Askari aliyerudi kwao alitaka kuwa na kitu mkononi cha kuonyesha kwamba alikuwako. Ngao ni kubwa na mkuki ni mrefu, lakini rungu na fimbo hukaa vizuri ndani ya sanduku. Wanaume wa Natal waliojua kuchonga wakaliona soko hilo, nao wakaliingia.

Fimbo zilizopendwa sana ni zile zenye kichwa cha mtu, au mtu mzima, pale juu panaposhikwa. Mara nyingi mtu huyo amechongwa akiwa na duara utosini. Duara hilo Wazulu huliita isicoco, nalo lilifungwa nyweleni kuonyesha kwamba mwanamume huyu ametimia na ana ruhusa ya kuoa. Mkusanyaji akiiona isicoco, shauri limekwisha: fimbo ni ya Wazulu.

Hapo ndipo watafiti walipoanza kukuna vichwa. Mwaka 1988 Anitra Nettleton, mtaalamu wa historia ya sanaa nchini Afrika Kusini, alichapisha katika jarida la African Arts makala iliyoihoji dhana nzima ya uchongaji wa "Kizulu". Sandra Klopper naye alilifuatilia suala hilo hilo. Walionyesha kwamba nyingi ya fimbo hizi za sanamu, na vitu vingine vingi vya mti vinavyouzwa kwa jina la Wazulu, zilitoka mikononi mwa wachongaji wa Kitsonga, watu wa kusini mwa Msumbiji na maeneo jirani, ambao kwa miongo mingi walikuwa wakienda Natal kutafuta kazi. Mtsonga alichonga sura ya mwanamume wa Kizulu kwa sababu mnunuzi wake Mwingereza alitaka Mzulu. Kinyago cha simba hakikuchongwa na simba, lakini inaonekana ilichukua karibu miaka mia moja jambo hili likubalike.

Tena hata hiyo isicoco si ushahidi wa kutosha. Katika vurugu za miaka ya 1820, Soshangane aliondoka kusini na wafuasi wake, akaanzisha dola la Gaza huko Msumbiji, akawatawala Watsonga wengi. Mila za Kinguni zilikwenda pamoja naye, duara la utosini likiwa mojawapo. Waswazi na Wandebele nao walilijua. Kwa hiyo alama inayotajwa kuwa kitambulisho cha Mzulu ilivaliwa na watu wa falme kadhaa. Na yule mchongaji mwenyewe? Mmoja wa mafundi hodari wa fimbo za Natal mwishoni mwa karne ya 19 anajulikana minadani kama Baboon Master, yaani bingwa wa nyani, kwa kuwa alipenda kuchonga nyani. Jina alilopewa na mamake halimo katika orodha yoyote ya mnada. Anaitwa kwa jina la mnyama aliyemchonga.

Hata jina ambalo Wazungu huliita rungu lina safari yake. Waingereza walilichukua kwa Makaburu, ambao husema knopkierie. Knop ni kinundu katika Kiholanzi. Kierie ni neno ambalo Makaburu walilipata kwa Wakhoikhoi, wafugaji wa Rasi, nalo lilimaanisha fimbo. Neno hilo likasambazwa na vitabu vya Kiingereza hadi Kenya, hadi Sudan, hadi kila mahali penye mti wenye kichwa. Ndiyo maana utakuta rungu la Mnandi limeandikwa katika daftari la makavazi kwa jina lililoundwa nusu na Wakhoikhoi na nusu na Waholanzi, watu ambao Mnandi huyo hakuwahi kuonana nao maishani mwake.

Sisi wenye Kiswahili tuna utajiri wa maneno katika uwanja huu, na tunaupoteza. Vijana wengi leo wanayo mawili tu, fimbo na rungu. Hebu tuyakumbuke mengine. Kuna bakora, fimbo ya kutembelea ambayo aghalabu mshikio wake umepinda. Kuna mkongojo, wa mzee au mgonjwa, kutokana na kitenzi kongoja, kwenda kwa udhaifu. Kuna mpweke, gongo fupi nene. Kuna henzirani, ambayo ni fimbo na pia ni mmea unaotoa fimbo hiyo. Kuna ufito, mwembamba, usiotisha. Kuna kiboko, ambacho jina lake linakuambia waziwazi kilikatwa kwenye ngozi ya mnyama gani. Na kuna mkwaju, mti wa ukwaju, kisha fimbo inayotokana nao. Watangazaji wa kandanda nao wakalichukua neno kuitia shuti kali.

Ukiyatazama majina haya utaona kwamba Kiswahili hakiiti fimbo kwa kabila. Huiita kwa mti au ngozi yake, au kwa umbo, au kwa kazi. Mkusanyaji aliyeandika "fimbo ya kutembelea" alifuta mambo matatu kwa mpigo mmoja. Laiti angeandika neno alilolisikia kwa mwenyeji, bakora au mkongojo au mpweke, leo tungejua kama mwenyewe alikuwa kijana wa kujivuna au mzee wa kujikokota.

Majina nayo husafiri. Bakora tunayo sisi, Wasomali wana bakoorad, na Waarabu wa Ghuba wanalo neno la ukoo huo huo kwa fimbo yao iliyopinda. Bahari na pepo za msimu zinatosha kueleza. Henzirani inatokana na khayzuran ya Kiarabu. Rungu nalo linashangaza zaidi. Waluo husema arungu, Wanandi rungut. Jamii tatu za nasaba tofauti kabisa za lugha, Kibantu, Kinilo cha ziwani na Kinilo cha nyanda za juu, zina neno linalofanana kama mapacha kwa kitu kile kile. Wakikuyu lakini husema njũgũma, Wakamba nzũma, na Wamaasai orinka. Kwa hiyo jina la kitu likiandikwa sawasawa katika lugha ya mwenyeji, huwa ni kitambulisho bora kuliko umbo. Rungu la duara lenye mpini mwembamba lapatikana kutoka Sudan hadi Rasi ya Tumaini Jema. Nzũma haipatikani ng'ambo ya Ukambani.

Niseme pia, kwa kupitia tu, kwamba hata taasisi kubwa hukopa. Wabunge wa Tanzania rungu la Spika huliita siwa. Siwa halisi ni pembe ya kupulizwa ya watawala wa Pate na Lamu, moja ya ndovu na nyingine ya shaba nyeupe. Pembe ikawa rungu! Mtu asiyejua historia hiyo akilikuta neno siwa katika orodha, atatafuta kitu kisichofaa.

Turudi kwenye mti wenyewe. Hapa ndipo panapokuwa na ushahidi ambao hauwezi kudanganya kwa urahisi, ingawa wauzaji hujaribu.

Rungu la zamani, la kazi, halikuchongwa kwenye ubao. Fundi aliutafuta mche ambao shina lake lina uvimbe penye mizizi, akauchimbua, akaugeuza juu chini: mzizi ukawa kichwa na shina likawa mpini. Nyuzi za mti hupita kichwani na mpinini bila kukatika, na ndiyo sababu rungu hilo likirushwa na kugonga jiwe halivunjiki shingo. Rungu la duka la vinyago hukatwa kwenye gogo kubwa, likakerezwa kwa mashine. Ukilitazama kwa makini utaona mistari ya mviringo ya kerezo, na nyuzi za mti zinaishia ghafla pale kichwa kinapoanza. La kwanza limepita kwenye tezo na kisu, kisha likasuguliwa kwa majani ya msasa. Naam, msasa ni mti, majani yake ni makavu na ya kukwaruza, na karatasi ya dukani ikarithi jina lake. Halafu likapakwa mafuta ya kondoo, na mkono wa mwenyewe ukamalizia kazi kwa miaka ishirini au thelathini. Mkono hung'arisha mahali pamoja. Anayetaka kulizeesha rungu jipya kwa kiwi nyeusi ya viatu hulipaka lote, hata mahali ambapo hakuna kiganja kingefika. Kiwi hiyo imewasaliti wengi.

Mti gani? Wamaasai walipenda oloirien, mzeituni wa mwituni, ambao Wakikuyu huuita mũtamaiyũ. Mgumu, mzito, rangi ya asali iliyotiwa michirizi ya giza. Mpingo ni mweusi karibu kama makaa, umezungukwa na tabaka jembamba la manjano hafifu, na kipande chake ukikitupa majini huzama. Mpingo ni mti wa nchi kame za chini, Ukambani, Pwani, Tanzania na Msumbiji. Hauoti katika baridi ya milima ya Nandi. Kwa hiyo rungu la mpingo lililochukuliwa Nandi lilifika huko kwa biashara au kwa zawadi, na habari hiyo yenyewe ni historia.

Kuna miti inayomaliza ubishi kabisa. Mjakaranda ulitoka Amerika ya Kusini, ukapandwa Nairobi na walowezi. Mwarobaini ulitoka Bara Hindi. Wachongaji wa Kenya waliigeukia miti hii hasa katika miongo ya karibuni, baada ya mpingo na mũhũgũ kuadimika kwa kukatwa bila kupandwa. Basi ukiletewa "rungu la moran la mwaka 1880" nalo ni jepesi, jeupe ndani, limechongwa kwenye mjakaranda, mrudishie mwenyewe kwa upole. Vivyo hivyo rungu lililovikwa shanga za rangi za bendera ya Kenya halikuwako kabla ya Desemba 1963. Na orinka yenye nati ya chuma iliyosokomezwa kichwani, ambayo utaiona mkononi mwa mlinzi wa lango huku Nairobi, isingeweza kutangulia reli na malori. Hiyo nati isikufanye uidharau. Mlinzi huyo ni Mmaasai wa kweli na silaha yake ni ya kweli. Ni makavazi yanayotaka Mmaasai asiyejua nati.

Sasa tuje kwa fundi. Kilichotokea Natal kilitokea na kwetu. Inasimuliwa Ukambani kwamba Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu, alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza uchongaji kwa Wazaramo, na aliporudi akaifanya kazi hiyo kuwa biashara. Wakamba walikuwa wakichonga tangu hapo, viti vya miguu mitatu na fimbo za wazee, lakini kuchonga kwa ajili ya kuuzia mgeni ni jambo lililokua na kizazi chake. Wanawe na majirani wakafuata, wakatapakaa Nairobi na Mombasa, na mwaka 1963 chama cha ushirika cha wachongaji wa Kiakamba kikaanzishwa Mombasa, ambacho karakana zake za Changamwe zinajulikana na watalii hadi leo.

Mgeni alitaka nini? Alitaka Mmaasai. Akachongewa Mmaasai: sanamu ndefu yenye mkuki, kichwa cha moran, rungu lenye shanga. Soko la Maasai jijini Nairobi linaitwa hivyo, lakini ukiwauliza wachongaji wa rungu unalolinunua wanatoka wapi, utasikia Wamunyu mara nyingi kuliko Narok. Shanga huenda ziliwekwa na mama wa Kajiado. Mti huenda ulikatwa Kwale. Rungu hilo ni la nani basi? Sioni ubaya kulijibu swali kwa ukweli wake: fundi Mkamba, ushonaji wa Kimaasai, mti wa Pwani, soko la Nairobi. Maneno machache tu, na kila mmoja amepata haki yake. Kuandika "Masai" peke yake ni kumnyang'anya Mkamba kazi yake, na pia ni kumpa Mmaasai kitu ambacho yeye mwenyewe asingekichukua mkononi.

Maana kwake yeye rungu si pambo tu. Kiongozi wa rika, olaiguenani, hupewa orkuma, rungu jeusi, na tangu siku hiyo neno lake ni neno la rika zima. Wakikuyu walikuwa na mũthĩgi, fimbo ya mzee wa baraza. Msikitini khatibu hushika fimbo anapopanda mimbari siku ya Ijumaa. Vitu hivi mara nyingi havina nakshi yoyote. Ndiyo, fimbo isiyo na sanamu wala shanga, ambayo mnunuzi wa mnadani angeipita bila kuitazama, yaweza kuwa ndiyo iliyokuwa na mamlaka kuliko zote. Wakenya hatuhitaji kufundishwa hili. Rungu la Rais Moi lilikuwa dogo, na lilitosha kunyamazisha ukumbi. Alipozikwa Kabarak mwezi Februari 2020, mwanawe Raymond alimkabidhi Gideon rungu hilo mbele ya waombolezaji, na nchi nzima ikaelewa maana yake bila maelezo. Fikiria rungu hilo likiwa ndani ya kabati la kioo huko Ulaya miaka 200 ijayo, na kibandiko: "Rungu, Afrika Mashariki."

Wako pia waliochonga fimbo ili isomwe. Waluba wa kusini mashariki mwa Kongo, nchi ambayo leo Kiswahili kimeenea sana, walikuwa na kibango, fimbo ya mfalme au mwenye cheo. Sanamu ya mwanamke hukaa juu au katikati, shaba imezungushwa mpinini, na kuna sehemu pana zilizochorwa nakshi. Sehemu pana husimama kwa makao ya utawala, na mpini mtupu ulio kati yake ni mbuga isiyokaliwa. Mwenye fimbo akisimama barazani aliweza kusimulia jinsi ukoo wake ulivyofika na mamlaka yake yalivyopatikana, huku akipitia fimbo hatua kwa hatua. Maonyesho ya New York ya mwaka 1996 kuhusu sanaa ya Waluba na kumbukumbu yalisaidia kulieneza jambo hili miongoni mwa wasomi. Kabla ya hapo, wengi waliiona fimbo ya Mluba wakasifu uzuri wa uso wa yule mwanamke. Walikuwa wameshika kitabu, wakakisifu jalada.

Nimebakiza kisa cha nyumbani, kwa sababu ndicho kinachoonyesha hasara halisi.

Wanandi walipigana na Waingereza kwa miaka kama kumi, tangu 1895. Kiongozi wao wa kiroho, Orkoiyot, alikuwa Koitalel arap Samoei. Ukoo wa Talai, alikotoka, ulikuwa na chimbuko la Kimaasai, kwa waganga wa Kimaasai waliojiunga na Wanandi katika karne ya 19. Hata asili ya cheo chenyewe haikai ndani ya kabila moja. Babake Koitalel, Kimnyole, aliuawa na Wanandi wenyewe karibu mwaka 1890, na aliuawa kwa marungu. Kwa watu hawa rungu lilikuwa hukumu.

Oktoba 19, 1905, Koitalel alikwenda kukutana na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, katika kile ambacho Wanandi walielewa kuwa ni mazungumzo ya amani. Meinertzhagen alimpiga risasi. Wenzake Koitalel waliuawa pia. Afisa huyo alichukua fimbo za uongozi za Orkoiyot, akazipeleka kwao. Mabaraza ya uchunguzi yalimwondolea lawama, na baadaye akaondoka nchini. Fimbo tatu zilikaa kwa familia yake kwa miaka 100, hadi mwaka 2006 zilipokabidhiwa na kurudishwa Nandi.

Wapenzi wa ndege wanamjua Meinertzhagen kwa jambo jingine. Alikuwa mkusanyaji mashuhuri wa ndege waliokaushwa, na maelfu yao aliyatoa kwa makavazi ya Uingereza. Katika miaka ya 1990 wataalamu Alan Knox na Pamela Rasmussen walichunguza mkusanyiko huo wakagundua kwamba ndege wengi walikuwa wameibwa kwenye makavazi mengine, wakabandikwa vibandiko vipya vyenye mahali na tarehe za uongo. Kuna bundi mmoja wa India ambaye watu walikuwa wakimtafuta mahali pasipo, kwa sababu walikiamini kibandiko cha Meinertzhagen. Rasmussen alipoutambua uongo huo, walirudi kumtafuta kwingine, na mwaka 1997 bundi akapatikana akiwa hai.

Utaona ninakoelekea. Mtu aliyezichukua fimbo za Koitalel ndiye mmoja wa waghushi wakubwa wa vibandiko waliopata kujulikana. Kwa nini basi tuamini kwamba fimbo ni zenyewe? Kwa sababu safari hii hatumtegemei yeye peke yake. Mauaji yamo katika kumbukumbu za serikali, yalichunguzwa wakati ule ule, na Wanandi wamekuwa wakiyasimulia kutoka kizazi hadi kizazi, pamoja na habari ya kilichochukuliwa. Njia ya fimbo kutoka mkono wa Orkoiyot hadi nyumba moja ya Kiingereza inajulikana hatua kwa hatua. Fimbo hizi zilirudi kwa sababu kulikuwa na mtu wa kusema ni za nani, siku gani zilichukuliwa, na nani alizichukua.

Zilizobaki je? Mradi wa pamoja wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa Ujerumani, pamoja na wasanii wa Nairobi na Ulaya, ulihesabu vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo. Walifikisha zaidi ya vitu 32,000 katika taasisi 30, na mwaka 2021 wakafanya maonyesho Nairobi, Cologne na Frankfurt, ambako kabati tupu zilisimama badala ya vitu visivyokuwako. Ni kazi nzuri sana. Lakini orodha hujengwa kwa kile kilichoandikwa na mkusanyaji, na mkusanyaji aliandika "rungu" na jina la kabila alilolijua. Huwezi kudai kurudishiwa kitu ambacho huwezi kukitaja.

Afadhali waliandika wachache. A. C. Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu juu ya Wamaasai mwaka 1905 na kingine juu ya Wanandi mwaka 1909, akataja silaha na vyombo kwa majina ya wenyewe. Sina haja ya kumpamba Hollis. Alikuwa sehemu ya serikali ile ile iliyomtuma Meinertzhagen. Lakini mtu anayetaka leo kuoanisha kitu kilicho kabatini na jina lake ataanzia kwake, kisha aende kwa wazee.

Na picha. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru wa Mijikenda akiwa karibu na vigango viwili alivyosimamishia ndugu zake waliofariki. Kigango si fimbo, ni nguzo ya kumbukumbu ya marehemu, lakini hali ni ile ile: mti uliochongwa, usio na saini, ambao sokoni huitwa tu "sanamu ya Kenya". Muda si muda vigango viliibwa. Miaka 14 baadaye Udvardy alikiona tena kimoja, akiwa Marekani, katika picha za mkusanyiko wa makavazi ya huko. Kwa ile picha ya 1985, hakuna aliyeweza kubisha. Vikarudi kwa familia ya Mwakiru mwaka 2007, mzee mwenyewe akiwa ameshakufa.

Kwa hiyo, msomaji, kama kuna fimbo au rungu la babu nyumbani kwenu, nyuma ya kabati au juu ya dari, chukua kalamu wiki hii. Andika jina lake kwa lugha ya mama, si kwa Kiingereza, na hata Kiswahili kije cha pili. Uliza mti, na ulikatwa kilima gani. Uliza kama babu alichonga mwenyewe, alinunua, alipewa siku ya kutawazwa kuwa mzee, au aliunyakua katika ugomvi. Yote ni asili. Uliza jina la fundi, hata kama ni jina la utani tu. Halafu ipige picha ikiwa mkononi mwa mtu anayeijua, na nyuma ya picha hiyo aandikwe yeye pia, kwa jina lake kamili.